Boksi la Alhamisi

Kwanza niseme: mimi si mtu wa kulia misibani. Siku tuliyomzika marehemu, waliosimama kumsifu walikuwa wengi kuliko watu waliowahi kununua santuri zake, na mmoja wao akamsifu kwa upigaji wake wa piano. Piano! Mtu ambaye hata mluzi ulimshinda. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba ala yake ilikuwa masikio, basi. Lakini nikafunga mdomo, kwa sababu siku ile mimi mwenyewe nilikuwa na langu la kunyamazia.

Wanamuziki walimwita Bwana Kesho. Alikuwa na lebo ya jazi, lebo ya watu wawili: yeye na mimi. Yeye alitafuta wapigaji, akabembeleza wenye viwanda vya santuri, akabeba maboksi begani kuyapeleka madukani. Mimi nilikaa nyuma ya kioo na mitambo. Studio yenyewe ilikuwa ghala la magodoro, na yale magodoro ambayo mwenye ghala aliyaacha tuliyasimamisha ukutani yameze mwangwi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi wa mageti mwenye mashine ya kukatia vyuma. Kila tukitaka kurekodi, Bwana Kesho alivuka barabara mwenyewe kumwomba apumzike kidogo. Fundi yule mpaka leo anajitapa kwamba yumo katika kila santuri yetu, kwa kunyamaza kwake.

Jina la Kesho alilipata hivi. Ukimaliza kupiga ukamtazama kupitia kioo, jasho linakutoka, unangoja akwambie kama umepatia, yeye alikuwa na jibu moja tu: "Tutasikia kesho." Hata ungempigia muziki wa kufufua wafu, ni kesho. Alisema sikio la siku ya kurekodi limelewa, linapenda kila mtu. Sikio la asubuhi halina undugu na mtu. Kwa hiyo asubuhi alikuja na kigoda chake, akakaa peke yake mbele ya spika, akausikiliza mkanda mara moja. Ukimridhisha, alitoa kalamu nyekundu akaandika juu ya boksi: jina la wimbo, wapigaji, siku uliyochezwa na siku uliyosikilizwa. Usipomridhisha, alisema "haufai," na mkanda ukarudi kwenye rafu kutumika tena, maana mikanda ilikuwa adimu. Na kabla hajasikia, boksi halikuandikwa hata nukta. Lilikaa juu ya piano, tupu, hadi asubuhi.

Mimi waliniita Bi Mkanda. Ilisemwa, na magazeti yakaandika, kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kupoteza hata inchi moja ya mkanda. Nilikuwa nikiisikia sifa hiyo nakohoa.

Sasa, miezi minne baada ya mazishi, binti yake alikuja kwangu. Huyu binti ni nesi, mtu wa vitendo, na ananiita shangazi ingawa damu yetu ni mbalimbali. Alikuwa anataka kutoa mkusanyiko wa kazi za baba yake: santuri kumi na mbili ndani ya kasha moja, na kijitabu cha maelezo. Akafungua kikapu mezani pangu na kunionyesha rasimu ya kijitabu. Nimo, ukurasa mzima. Hata inchi moja ya mkanda.

"Ni nzuri, shangazi?"

"Umepiga chuku."

"Ndivyo baba alivyokuwa anasema." Akakaa. "Shida ni Mashavu. Amekataa kusaini."

Mashavu alikuwa mpiga tarumbeta wetu. Katika hizo santuri kumi na mbili, saba ni pumzi yake. Bila sahihi yake hakuna mkusanyiko, na kiwanda kilikuwa kimempa binti hadi mwisho wa mwezi.

"Amesemaje?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Amesema aliyemwambia hafai asimtafute akiwa kaburini. Shangazi, nenda wewe. Wewe anakuheshimu. Nimekusanya maboksi yote yenye jina lake, yamo humu kikapuni. Akiyaona huenda moyo ukalainika." Akanishika mkono. "Kwani baba alimkosea nini?"

Nikamwambia nitakwenda. Swali lake nikalipita, na usiku huo sikupata usingizi, kwa sababu baba yake hakumkosea Mashavu kitu. Aliyemkosea ni mimi.

Ilikuwa Alhamisi, miaka thelathini na minane iliyopita. Mashavu alikuja mchana na wimbo mpya. Alikuwa amemzika mama yake wiki mbili kabla, na wimbo wenyewe aliuita "Mama Anafunga Dirisha." Akaupiga dakika kumi na moja. Sijui niseme nini mkaelewa. Mpiga besi alisahau kuingia mwishoni kwa sababu alikuwa anasikiliza. Mpiga dramu aliweka vijiti chini. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kutazama mshale wa sauti usivuke mstari, niliacha kuutazama. Walipomaliza, Bwana Kesho alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta, halafu akasema kilekile: "Tutasikia kesho." Mashavu akacheka, akaenda zake. Boksi likawekwa juu ya piano, halina jina.

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa wanakuja watu wa sabuni. Matangazo ya biashara ndiyo yaliyoilisha jazi, msidanganyike. Mimi nilifika mapema, nikakuta piano imejaa: vikombe vitatu, gazeti, ganda la ndizi, kofia ya mtu, na hilo boksi. Mimi na uchafu hatupatani. Nikaosha vikombe. Nikatupa ganda. Na boksi, kwa mkono wangu huu, nikalibeba nikalipanga kwenye rafu pamoja na maboksi mengine yasiyoandikwa. Nilikuwa nanung'unika moyoni kuhusu wanaume na uchafu wao. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ganda la ndizi.

Watu wa sabuni wakaingia. Nikachukua boksi la juu.

Dada wa tangazo aliimba mara arobaini. "Povu, povu, povu la furaha!" Mara arobaini, kwa sababu mwenye sabuni hakupenda jinsi anavyolitamka povu. Mkanda ukaisha wote. Walipoondoka, Bwana Kesho aliingia na kigoda chake mkononi, akatazama juu ya piano iliyong'aa, akaniuliza, "Boksi la jana liko wapi?"

Jamani. Nilitazama rafu, nikatazama mashine. Yeye alinitazama usoni akaelewa. Akakaa kwenye kigoda akausikiliza mkanda wote, tangu mwanzo hadi mwisho, akitafuta hata mabaki ya tarumbeta. Hapakuwa na kitu. Mashine ile ilikuwa inafuta vizuri sana. Nilikuwa naisafisha mwenyewe kila asubuhi.

Saa nne Mashavu akaja kuchukua majibu. Bwana Kesho akatoka kumpokea kule kwenye chumba cha kupigia, akafunga mlango. Kipaza sauti nilikuwa sijakizima. Nikawasikia masikioni kwangu, wazi kabisa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Enhe?"

"Haufai."

"Haufai wapi?"

"Haufai tu. Njoo wiki ijayo urudie."

Halafu Mashavu akasema, taratibu, "Ule haurudiwi," na mlango ukabamizwa.

Bwana Kesho aliporudi nilikuwa nalia kama mtoto. Akaniambia niache. "Wakijua, mji mzima utasema si tuliwaambia mitambo si kazi ya mwanamke? Wamekusubiri uteleze tangu siku ya kwanza. Atanuna wiki mbili, atarudi, tutarekodi mwingine." Alikuwa na masikio ya ajabu yule mtu, lakini hapo hakusikia vizuri. Mashavu hakurudi. Wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukawa thelathini na minane, na kila mwaka kusema ukweli kulizidi kuwa kugumu. Nasi tukazoea. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko ganda la ndizi: tulizoea.

Basi nikachukua kikapu nikaenda.

Mashavu anakaa ghorofa ya pili, chumba na sebule. Baada ya kuacha tarumbeta alipata kazi ya kukagua mizani za wafanyabiashara, akazunguka sokoni na mawe yake ya shaba hadi alipostaafu. Mawe yale bado anayo, ameyapanga dirishani kuanzia kubwa hadi dogo, yanang'aa. Yale mashavu yaliyompa jina yameingia ndani.

"Bi Mkanda! Kumbe bado upo?"

"Nife nikuachie nani wa kununa naye?"

Akacheka, akanikaribisha chai. Tukaongelea magoti yetu. Halafu akatazama kikapu. "Kama umetumwa, sema umetumwa."

"Nimetumwa. Binti anaomba sahihi yako."

"Mwambie namheshimu, yeye hana kosa. Sahihi hapana, ng'o." Akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. "Wewe unadhani ni hasira. Hasira ziliisha zamani. Mimi yule mtu nilimwamini. Angesema mwingine yeyote kwamba haufai, ningemcheka. Lakini yale masikio? Ningebishana na nani? Mama yangu nilimpigia kitu kimoja tu maishani, nikadhani nimefika, kumbe nilikuwa napiga kelele. Baada ya hapo nikaanza kusikia ubaya hata katika zile santuri zilizopita. Nikizisikia redioni nazima. Halafu leo mnataka mziweke kwenye kasha la dhahabu watu wasikie nisivyofaa?"

Nilikuja nimejipanga. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumzunguka: marehemu ni marehemu, tusameheane, maji yakimwagika hayazoleki. Yote yakayeyuka. Nilimtazama mzee mwenzangu, mtu aliyezima redio miaka thelathini na minane, nikaweka kikombe chini.

"Hakuusikia," nikasema.

"Nani?"

"Bwana Kesho. Asubuhi ile hakuusikia wimbo wako, kwa sababu haukuwepo. Niliufuta mimi. Nilisafisha piano, nikachanganya boksi, nikarekodia juu yake tangazo la sabuni. Alisema haufai ili anifiche mimi. Na mimi nilikuwa nyuma ya kioo nikisikia, na sikutoka. Nikanyamaza siku ile na siku zote."

Mashavu akainuka akaenda dirishani, akashika jiwe moja la shaba, akalirudisha, akashika lingine.

"Sabuni gani?"

"Ya unga."

"Ya unga." Akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Nimeacha tarumbeta kwa ajili ya sabuni ya unga." Halafu akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Toka."

"Mashavu..."

"Toka, mama. Sitaki kukuvunjia heshima."

Nikasimama. Nilikuwa na haki gani ya kubaki? Nikayatoa maboksi kikapuni niyaache mezani, ni yake kuliko yangu. La kwanza, la pili. Yote nayajua kwa rangi ya karatasi zake: saba. Nilipofika la saba nikakuta chini yake bado kuna moja. Lilikuwa kuukuu, limepauka upande mmoja, na lilinuka nguo zilizokaa sana kabatini. Nikadhani binti amekosea kuhesabu. Mashavu akalichukua kabla sijaligeuza. Akavaa miwani.

Akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

"Soma," akasema. "Mimi macho yangu hayafai."

Ilikuwa kalamu nyekundu. Mwandiko wa Bwana Kesho, herufi zake nene kama za mtoto wa shule.

*Mama Anafunga Dirisha. Tarumbeta: Mashavu. Umechezwa: Alhamisi. Umesikilizwa:* na hapo, mahali ambapo katika maboksi mengine yote ya maisha yake aliandika siku ya pili yake, alikuwa ameandika, *haina haja.*

Nikasoma mara mbili. Sikuwa nimewahi kuliona likiwa na maandishi. Mtu yule hakuwahi kuandika juu ya boksi kitu ambacho hakukisikia asubuhi. Hata mdogo wake mwenyewe, aliyepiga saksafoni, alimwambia kesho. Ndani ya boksi mkanda ulikuwemo. Mkanda wa povu.

Mashavu alilia. Mimi nililia. Nimesema mimi si mtu wa kulia, lakini hapo nililia mpaka kwikwi. Kisha akajifuta kwa kiganja na hasira ikamrudia, safari hii si juu yangu.

"Kwa hiyo alijua. Alijua! Akaweza kuliandikia boksi, mimi mdomo ukamshinda. Nilikuwa nakaa mitaa mitatu kutoka pale!"

"Alishindwa kwa sababu yangu."

"Usijibebeshe yote. Wewe ulifuta mkanda. Neno 'haufai' lilitoka kwake." Akaligeuza boksi, akaligeuza tena. "Alikuwa mtu mzuri, na alinitenda vibaya. Yote mawili. Mtawaandikia hivyo kwenye hicho kijitabu chenu?"

Akavua miwani akaikunja.

"Nitasaini," akasema. "Lakini wimbo huu uwemo kwenye orodha, na jina lake, kama alivyouandika. Watu wakiuliza uko wapi, aliyeufuta awajibu mwenyewe. Kwa jina lake, si la Bi Mkanda."

"Nitaandika leo hii. Nipe kalamu."

"Si leo." Akanirudishia boksi. "Leo umelewa machozi, leo ungeandika hata kwamba uliua mtu. Nenda kalale. Ukiamka asubuhi na bado unataka, ndipo uandike."

Tukatazamana. Akasikia alichokisema, akapinda mdomo.

"Ona," akasema, "mzee yule bado yumo humu."

Na asubuhi iliyofuata nilielewa kwa nini marehemu aling'ang'ania asubuhi. Jioni nilikuwa shujaa. Asubuhi nilikuwa bibi wa miaka sabini anayeumwa magoti, mwenye sifa moja tu duniani. Visingizio vilikuja kabla ya chai. Mashavu mwenyewe ameshajua, wengine inawahusu nini? Naweza kuandika "mkanda ulipotea," mbona ni kweli? Mikanda hupotea. Naweza kungoja, kwani mkusanyiko una haraka gani, na huenda Mungu akanichukua kwanza. Nilikaa mezani na boksi lile mbele yangu hadi chai ikapoa.

Binti akafika kuchukua majibu. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingemaliza. Alisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa wake, hakunikatiza.

"Kwa hiyo baba alidanganya," akasema mwishoni.

"Alidanganya. Mara moja, kwa ajili yangu, na mtu mwingine ndiye aliyeumia."

"Na mimi nimeandika kwamba hakuwahi kumdanganya mwanamuziki hata siku moja."

"Futa," nikamwambia. "Ukitaka nikusaidie, mimi ni bingwa."

Hakucheka. Baadaye kidogo akacheka, halafu akainamisha kichwa, nikamwacha. Alipokuwa tayari, alitoa rasimu, akafungua ule ukurasa wangu. Akafungua mkoba, akanipa kalamu ya baba yake.

Nikakata mstari wa inchi moja ya mkanda. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho, penye orodha ya nyimbo, na chini ya ule wa mwisho nikaandika taratibu, kwa mwandiko unaosomeka:

*Mama Anafunga Dirisha. Tarumbeta: Mashavu. Umechezwa: Alhamisi. Umesikilizwa: haina haja. Hamtausikia. Niliufuta mimi, kwa mkono wangu, na nikanyamaza miaka thelathini na minane. Ulikuwa mzuri kuliko zote zilizomo humu.*

Nikatia sahihi jina langu lote, la kwangu na la baba yangu.